Elena Mukhina: Bingwa aliyevunjwa na mruko ambao hakuutaka

Kama uko Macalder, Masara, Sori ama hata huku Nairobi, na wewe ni wale wasee wa kupiga samasoti popote penye mchanga, leo tukae chini kidogo. Sina neno na samasoti zako. Video za aina hiyo ziko tele kwa simu: tairi kuukuu limefukiwa nusu, vijana wamepanga foleni, mmoja anatoka mbio, anakanyaga tairi, anapaa, anageuka hewani, watu wanapiga nduru. Ni moto, hakuna ubishi. Lakini kuna binti mmoja wa Urusi aliyefariki mwaka wa 2006 ambaye kisa chake kila mtu wa samasoti anafaa kukijua, na wengi wetu hatujawahi hata kusikia jina lake.

Anaitwa Elena Mukhina. Alikuwa bingwa wa dunia. Na kilichommaliza ni mruko mmoja wa sakafuni ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuogopa tangu mwanzo.

Elena alizaliwa Moscow tarehe 1 Juni 1960. Mamake alikufa kwa moto wa nyumba Elena akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa na nyanya yake. Hapo Nyatike mngesema alilelewa na dani, na wengi wenu mnaelewa hiyo maisha bila kufafanuliwa. Mtoto wa dani hujifunza mapema kutosumbua watu. Anatumwa, anaenda. Anaambiwa anyamaze, ananyamaza. Waliomjua Elena walimkumbuka hivyo hivyo: mpole, mwenye haya, mtu wa kufanya alichoambiwa.

Akiwa shule, kocha mmoja aliingia darasani kutafuta watoto wa jimnastiki. Elena aliinua mkono. Enzi hizo watoto wengi wa Moscow walikuwa wakiota kuteleza barafuni, lakini yeye jimnastiki ilikuwa imemkaa moyoni. Alipokua akaingia CSKA, klabu ya michezo ya jeshi, akawekwa chini ya kocha Mikhail Klimenko.

Huyu Klimenko mshike vizuri kichwani. Alikuwa amezoea kufundisha wanaume. Ndugu yake Viktor alishinda dhahabu ya Olimpiki mwaka wa 1972. Kwa hivyo alipopewa msichana, hakutaka mbwembwe za mikono na tabasamu. Alitaka miruko ambayo wanawake hawakuwa wameizoea. Na alipata mwanafunzi asiyesema hapana.

Sasa angalia dunia ilivyokuwa. Mwaka wa 1976 kule Montreal, Nadia Comaneci wa Romania, mtoto wa miaka 14, alipata alama 10 kamili, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika jimnastiki ya Olimpiki. Wakubwa wa michezo wa Umoja wa Kisovieti walikasirika. Wao walijiona wenye mchezo. Wakaanza kusaka msichana wa kumshusha Nadia, na mwaka wa 1977 pale Prague, kwenye mashindano ya Ulaya, Elena akajitokeza. Nadia alimpita kwa jumla, lakini Elena aliondoka na dhahabu kwenye vyuma, kwenye boriti na sakafuni.

Mwaka uliofuata ndio ulikuwa wake. Strasbourg, Ufaransa, mashindano ya dunia ya 1978. Elena akachukua dhahabu ya jumla, dhahabu ya timu, na dhahabu ya sakafuni aliyogawana na mwenzake Nellie Kim. Nadia alimaliza wa nne kwa jumla. Elena alikuwa na miaka 18. Kuna miruko miwili ya jimnastiki yenye jina Mukhina. Mmoja ni wa vyuma, na mwingine ni wa sakafuni: kupinduka nyuma mara mbili hewani huku mwili ukizunguka mzima mara moja. Hebu fikiria hiyo kabla ya kujisifu na bekiflip moja.

Hapa nataka nikueleze kitu kuhusu sakafu, kwa sababu bila hicho hutaelewa kilichompata.

Uwanja wa zoezi la sakafuni una mita 12 kwa 12. Chini yake kuna springi. Mwanamke ana sekunde 90 tu, muziki ukipiga. Njia ndefu zaidi ni kona hadi kona, karibu mita 17. Ndani ya hizo mita 17 lazima ukimbie, ugeuke, upae, utue na usimame bila kuvuka mstari. Kwa hivyo swali la kwanza la mwanajimnastiki si ataruka nini. Swali ni ataanza vipi.

Kuna namna kadhaa. Unaweza kukimbia, ukaweka mikono chini kama mtu anayepiga gurudumu, lakini ukafunga miguu pamoja na kutua ukiangalia ulikotoka. Kazi ya hilo gurudumu ni moja: kubadilisha mbio za kwenda mbele ziwe nguvu ya kurudi nyuma. Baada yake unaweza kuongeza mruko mmoja wa nyuma wa kupitia mikononi, wa chini na wa haraka, ndipo upae. Ukiufanya vizuri unakuongezea kasi. Ukiufanya vibaya unakula ile kasi uliyokuwa nayo, na unapaa ukiwa umechoka. Wengine wanauacha kabisa, wanatoka kwa gurudumu moja kwa moja hadi hewani. Wengine wanaanza kwa kwenda mbele, kwa sababu ukienda mbele mwili unachukua nafasi ndogo na ni rahisi kuunganisha mruko na mruko. Na kuna wa kuanza wakiwa wamesimama, bila mbio, kwa nguvu ya mapaja tu.

Halafu kuna ile hatua ya mwisho kabla mikono haijagusa chini. Vijana wengi mtaani hukosea hapo. Wanaruka juu kama wanadaka mpira wa kona. Ukiruka juu hapo, mbio zako zote zinafia hewani. Hatua hiyo inafaa kuwa ndefu na ya chini, mikono iko karibu na masikio, mguu wa mbele unasukuma mbele. Kila kitu kinachofuata, urefu, mzunguko, hata jinsi utakavyotua, kimeshaamuliwa pale. Ukishaondoka ardhini huwezi kuongeza nguvu. Hewani unatumia tu kile ulichobeba.

Kwa hivyo shika hiyo: mwanzo mbovu hauwezi kurekebishwa angani. Sasa turudi kwa Elena.

Kwenye mashindano yale yale ya Strasbourg, Mmarekani anayeitwa Kurt Thomas alishinda dhahabu ya sakafuni kwa wanaume. Alikuwa na mruko wake mpya, ukapewa jina lake, Thomas. Uko hivi. Unaondoka kwa mgongo, unapinduka hewani mara moja na nusu, na wakati huo huo mwili unajizungusha mara moja na nusu. Ukifika chini hutui kwa miguu. Unafika ukielekea mbele, kichwa kikiwa chini, unagusa kwa mikono, unakunja shingo na kubiringika hadi usimame.

Unaona shida iko wapi? Samasoti ya kawaida ukiikosea kidogo kwa kupungukiwa na mzunguko, unaangukia magoti ama mikono. Unachubuka, unachekwa, unaendelea. Thomas ukipungukiwa kidogo tu, kinachofika chini kwanza ni kidevu au kichwa. Nafasi ya kukosea haipo. Thomas mwenyewe alikuwa mwanamume mwenye miguu ya nguvu na mapaja ya kumrusha juu. Klimenko aliutazama ule mruko akaona dawa ya kuwashinda Waromania: hakuna mwanamke aliyekuwa akiufanya. Akaanza kumfundisha Elena.

Elena hakuupenda. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba alimwambia kocha wake waziwazi kuwa mruko huu utamvunja shingo. Klimenko alipuuza, akamjibu kwamba watu wa kiwango chake hawavunjiki shingo. Na kumbuka shingo hiyo ilikuwa imeshaumia. Mwaka wa 1975 aliwahi kutua kwa kichwa mashindanoni, na hata baada ya hapo mazoezi hayakusimama vile yangepaswa kusimama.

Mwaka wa 1979 mambo yakaharibika. Elena alivunjika mguu akiwa ziarani Uingereza, akakosa mashindano ya dunia ya Fort Worth, Marekani. Huko Romania ikaishinda Umoja wa Kisovieti kwa timu. Unajua mambo ya wakubwa wakishindwa. Olimpiki ya 1980 ilikuwa inakuja Moscow, nyumbani kwao, mbele ya dunia nzima, na bingwa wao alikuwa na plasta mguuni. Aliharakishwa kurudi mazoezini kabla mguu haujapona. Ikagundulika mfupa haukuwa umeunga vizuri, akafanyiwa upasuaji, na bado akarudishwa ukumbini. Alifanya mazoezi ya kupunguza uzito na ya kurudisha nguvu akiwa kwenye plasta.

Sasa unganisha na yale ya sakafu niliyokueleza. Mruko wa Thomas unadai mwanzo wenye kasi na msukumo mkubwa wa miguu. Elena alikuwa na mguu dhaifu na mwili uliochoka. Mbio zake hazikuwa zile za Strasbourg. Hakuwa tena na ule mrusho. Yaani alikuwa ameshikilia mruko ule ule mgumu, lakini mwanzo wa kuubeba haukuwepo tena. Mtu yeyote mwenye macho angesema: badilisha. Mpe mruko mwingine, wa kutua kwa miguu. Dhahabu ya dunia aliishinda bila Thomas, na hata bila Thomas angekuwa na nafasi.

Hakuna aliyesema. Na yeye, mtoto wa dani, hakukataa.

Tarehe 3 Julai 1980, timu ya taifa ilikuwa kambini Minsk. Olimpiki ilikuwa inaanza tarehe 19, wiki mbili na kidogo tu. Klimenko hakuwepo siku hiyo, alikuwa ameenda Moscow. Elena alipita kwenye zoezi lake la sakafuni, akatoka mbio, akaingia kwenye Thomas. Mguu haukumpa urefu. Mzunguko ukapungua. Akafika chini kwa kidevu, shingo ikavunjika. Alikuwa na miaka 20, mwezi mmoja na siku mbili.

Hakutembea tena. Mikono na miguu yote ilipooza.

Alisimulia baadaye kitu ambacho kilinifanya niweke simu chini nilipokisoma. Akiwa amelala pale sakafuni, moja ya mawazo yaliyompitia lilikuwa afueni, kwamba angalau sasa hatakwenda Olimpiki. Pima uzito wa hilo. Msichana amevunjika shingo, na anachohisi ni kama mtu aliyepewa ruhusa ya kupumzika.

Olimpiki ikaendelea. Kenya haikwenda, Rais Moi aliigomea pamoja na Marekani na wengine kwa sababu ya uvamizi wa Afghanistan. Majirani zetu Tanzania walienda, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha. Kurt Thomas mwenye mruko wake pia hakufika, sababu nchi yake iligoma. Timu ya wasichana wa Kisovieti ikashinda dhahabu bila Elena. Kuhusu yeye, wakubwa walibana midomo. Watu waliambiwa kidogo sana, na kwa miaka mashabiki hawakujua ukweli wote. Serikali ilimpa nishani, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikampa Nishani ya Olimpiki ya fedha. Nishani haikai kwenye kitanda na kukugeuza ubavu usiku. Aliyefanya hivyo ni nyanya yake, mzee tayari, ambaye alirudi kuwa mlezi wa mtoto aliyekwisha mlea mara moja.

Elena alipopata nafasi ya kuzungumza na jarida moja la Moscow mwaka wa 1988, hakumtupia kocha mzigo wote. Aliulaumu mfumo mzima uliowafanya wanamichezo kuwa vifaa. Pia alijitazama mwenyewe, akasema alikuwa amefundishwa kutii kiasi kwamba hakujua kukataa. Alifariki tarehe 22 Desemba 2006, akiwa na miaka 46. Zaidi ya nusu ya maisha yake ilikuwa ya kulala kitandani.

Baada ya ajali ile mruko wa Thomas ulipigwa marufuku kwa wanawake. Wanaume waliendelea nao na jamaa zake kwa miongo kadhaa, hadi sheria za mwaka wa 2017 zilipoikataza miruko yote ya sakafuni ya kumalizia kwa kubiringika. Miaka 37, omera. Ndio muda uliopita kati ya Minsk na marufuku ya wote.

Utaniuliza, hiyo yote inahusu nini na Macalder, mahali ambapo hakuna ukumbi wala springi? Inahusu sana. Elena alikuwa na sakafu ya springi, madaktari wa timu na kocha wa taifa. Wewe una tairi na mchanga. Kama yeye alimalizwa na mwanzo usio na nguvu, wewe uko wapi?

Kwa hivyo nisikize, kwa heshima. Kwanza, chagua mwanzo kabla ya kuchagua mruko. Jiulize mguu wako leo ukoje, si jana. Umeshinda shimoni ukichimba, ama umebeba mawe ya kusagwa tangu asubuhi? Basi mapaja yako yameisha, na samasoti ya jioni haifai kuwa ile ngumu. Fanya gurudumu na usimame. Likitoka bovu, usiongeze kitu juu yake.

Pili, hesabu hatua zako. Ukianza kwa hatua tano leo na tisa kesho, hujui unabeba kasi gani. Zikiwa zile zile kila siku, mwili utakuambia mapema kama leo kuna kitu kimepungua, na utakuwa na nafasi ya kughairi ukiwa bado kwa miguu. Kughairi katikati ya mbio si uoga. Mabingwa wanafanya hivyo mazoezini kila siku.

Tatu, angalia unatua wapi. Mchanga ulioshindiliwa ni mgumu kama saruji. Na ule wa marundo ya machimbo, ulioshwa dhahabu kwa zebaki, si wa kuchezea hata kidogo, achana nao kabisa. Hakuna godoro, hakuna mruko wa kutanguliza kichwa. Hapo hakuna mjadala.

Nne, na hii ndiyo iliyomuua Elena polepole: angalia ni nani amekuchagulia. Kuna yule mwenye simu anayekwambia ongeza moja, video haijatoka poa. Kuna mkubwa wa kikundi anayetaka mtoto wa miaka tisa apande juu ya piramidi ya watu kwa sababu wageni watatoa pesa. Anaweza kuwa mtu mzuri. Hata Klimenko alimpenda mwanafunzi wake kwa namna yake, na alikuwa Moscow siku ile akipambana asiachwe nje ya timu. Lakini shingo si yake. Ukijua moyoni kwamba mwanzo wako hauwezi kubeba mruko, sema, na sema kwa sauti. Na kama wewe ndiwe mkubwa wa kikundi, mtoto mpole asiyelalamika ndiye wa kuulizwa mara mbili.

Ukipata bando usiku, tafuta zoezi lake la sakafuni la Strasbourg, 1978. Itazame mara moja kwa raha tu. Halafu irudie ukitazama miguu peke yake, kuanzia konani, kabla hajapaa. Utaona alivyokuwa na mwanzo mzuri wakati mwili wake ulikuwa mzima. Hivyo ndivyo mimi nachagua kumkumbuka.